Masomo ya chuo kikuu gerezani wakati wa janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa ndugu wa wafungwa, maofisa wa magereza na wahadhiri wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani, ambao wengi wao huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Mengi yalianza mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, na hayajakoma kwa kuwa magonjwa ya mlipuko nayo hayajakoma. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jibu moja linategemea lingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Je, mfungwa anaruhusiwa kusoma shahada?

Ndiyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kujielimisha, na inampa kila raia uhuru wa kutafuta elimu katika fani anayoipenda hadi kiwango chochote, kulingana na stahili na uwezo wake. Hukumu ya kifungo humnyima mtu uhuru wa kwenda atakako, lakini haiifuti haki hiyo. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, nazo zinaeleza katika kanuni ya 104 kwamba elimu ya wafungwa ioane kadiri inavyowezekana na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee na masomo bila kukwama.

Hata hivyo, muda wa mfungwa na kila karatasi inayomfikia viko chini ya mkuu wa gereza. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba kibali kwa maandishi kupitia kwa ofisa ustawi au askari anayesimamia elimu, na fomu ya chuo hufuata baadaye. Fomu iliyojazwa kabla ya kibali mara nyingi hulala kwenye droo, na ada iliyotangulizwa huzua ugomvi katika familia ambayo tayari imelemewa.

2. Chuo gani kinamfaa mtu aliye gerezani?

Kwa hali ya nchi yetu, chuo kilichojengwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuhudhuria darasa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, Dodoma na Singida ikiwamo, na mwanafunzi husoma kwa kasi yake mwenyewe. Kina pia kozi ya foundesheni kwa mtu ambaye sifa zake hazikutosha kuingia shahada moja kwa moja, jambo lenye maana kubwa kwa aliyekamatwa akiwa hajamaliza kidato cha sita.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 pale Chimwaga, ni chuo cha kuhudhuria: mihadhara, semina, maabara na mijadala ya kwenye vimbweta. Mhadhiri wake anaweza kuwa msaada mkubwa kwa mfungwa kama mshauri au msahihishaji wa kujitolea, lakini mfumo wenyewe wa masomo unahitaji mtu awepo.

Katika kuchagua fani, angalieni zaidi ya mapenzi ya mwanafunzi. Sheria, sosholojia, historia, lugha na utawala husomeka kwa kitabu na kalamu. Kozi yenye maabara itakwama, na kozi ya ualimu itafika mahali itakapodai mazoezi ya kufundisha shuleni, ambayo mfungwa hawezi kuyafanya hadi atoke. Ni afadhali ayajue hayo mwaka wa kwanza kuliko kuyagundua mwaka wa tatu.

3. Mahabusu anaweza kujiunga?

Anaweza kusoma, ila kujiunga na shahada kunahitaji tafakari. Hajui kama ataachiwa wiki ijayo au atakaa miaka, na tarehe zake za mahakama zitagongana na tarehe za chuo. Ninavyoona mimi, aanze na kozi fupi au akamilishe sifa zake za sekondari, kisha achukue shahada shauri lake litakapokwisha.

4. Mbona watoto wetu hawana ada, halafu wahalifu wanasomeshwa?

Swali hili huulizwa kwa hasira, mara nyingi na mzazi aliyeuza mifugo ili binti yake amalize chuo, na hasira hiyo inastahili jibu la kweli.

Kwanza, mwanafunzi wa chuo huria aliye gerezani hachukui kitanda cha bweni wala kiti cha ukumbi wa mihadhara. Pili, ada yake kwa kawaida hulipwa na jamaa zake au wafadhili (tazama swali la 14). Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, wafungwa walio wengi watatoka na kurudi Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, na wataishi jirani na huyo mzazi. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilijumlisha matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kwamba wafungwa walioshiriki elimu ya aina yoyote gerezani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia uhalifu, kwa asilimia 43, kuliko wenzao wasioshiriki. Takwimu hiyo ni ya Marekani na haitoi ahadi kwa Dodoma, lakini inaonyesha upande ambao mizani imeelemea.

Marekani yenyewe ilijifunza jambo hili kwa njia ndefu. Mwaka 1994 sheria iliwaondoa wafungwa kwenye ruzuku ya masomo iitwayo Pell, na programu nyingi za vyuo magerezani zikafa. Desemba 2020, katikati ya janga, Bunge la nchi hiyo liliirudisha haki hiyo, na utekelezaji ukaanza Julai 2023. Kubomoa kulichukua muda mfupi, na kujenga upya kukachukua karibu miaka thelathini.

## Janga linapoingia

5. Kwa nini gereza huumia zaidi kuliko mtaa?

Kwa sababu ya hewa na msongamano. Mtu wa mtaani akiambiwa akae mbali na wenzake anaweza, hata kama ni kwa shida. Mfungwa hulala bega kwa bega na watu ambao hakuwachagua, katika bweni ambalo madirisha yake yalijengwa kwa ajili ya ulinzi. Askari huingia na kutoka kila zamu, mahabusu wapya huletwa, wengine hupelekwa mahakamani na kurudi jioni.

Mfano wa San Quentin, huko California, unafaa kukumbukwa na kila anayepanga masomo gerezani, kwa kuwa gereza hilo lina programu ya chuo inayojulikana sana. Hadi mwishoni mwa Mei 2020 halikuwa na mfungwa mgonjwa wa UVIKO-19. Kisha wafungwa zaidi ya 120 walihamishiwa hapo kutoka gereza la Chino lililokuwa na mlipuko. Katika wiki zilizofuata wafungwa zaidi ya 2,200 waliambukizwa, na 28 kati yao pamoja na askari mmoja wakafariki. Hakuna mwalimu wa kutoka nje aliyebeba ugonjwa huo, maana madarasa yalikuwa yamesimamishwa tangu Machi.

6. Hapa nchini vyuo vilifungwa lini, na hilo lilimhusu vipi mfungwa?

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata serikali ilifunga shule, kisha vyuo vikafuata, na wanafunzi wa Dodoma wakabeba mabegi yao kurudi makwao. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Chanjo ilizinduliwa rasmi mwishoni mwa Julai 2021.

Tarehe hizo zilimwongoza mwanafunzi wa nje. Kwa aliye ndani, lango la chuo na lango la gereza ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Chuo kinaweza kutangaza kwamba muhula umeanza huku gereza bado halipokei wageni, na mwanafunzi akahesabiwa mzembe kwa kazi ambayo hata karatasi yake haijamfikia. Ndiyo maana kila kituo cha chuo chenye mwanafunzi gerezani kinahitaji kuwa na kalenda mbili na kuziangalia zote.

7. Wageni wakizuiwa, masomo yanaendeleaje?

Kwa karatasi. Jibu hili huwakatisha tamaa wengi wanaotarajia kusikia habari za kompyuta, lakini gerezani simu ya mkononi ni marufuku, intaneti haipo, na vitabu vya chuo ambavyo zamani vilichapishwa sasa vingi vimo mtandaoni. Mtu lazima avipakue, avichape na kuvifikisha langoni. Njia ni hii: kituo cha mkoa, lango, askari wa elimu, bweni, kisha njia hiyohiyo kurudi. Masomo yote yananing'inia kwenye uzi huo.

Katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 nilisahihisha kazi za mwanafunzi mmoja aliyekuwa gerezani. Bahasha yake ya kaki ilifungwa kwa uzi kwa sababu gundi yake ilikuwa imeisha nguvu. Ndani kulikuwa na majibu manne ya sheria ya mikataba, yaliyoandikwa nyuma ya fomu za zamani. Ukurasa wa tatu wino ulianza kufifia, ukakatika katikati ya neno "ridhaa", na kutoka hapo hadi mwisho aliandika kwa penseli. Pembeni aliweka mstari mmoja: "Mwalimu, naomba radhi kwa penseli." Nilisahihisha usiku uleule nikairudisha kesho yake. Ilimfikia baada ya wiki saba. Haikupotea, wala hakuna aliyeizuia kwa makusudi. Askari aliyekuwa akisimamia elimu alipangiwa kazi nyingine, na ufunguo wa droo ya kazi za wanafunzi ukaondoka naye mfukoni.

Wiki saba hizo ndizo zilizonifundisha yote ninayowashauri wengine. Pelekeni karatasi za muhula mzima kwa mkupuo, kabla lango halijafungwa, badala ya kuzipeleka somo kwa somo. Mwanafunzi apewe karatasi ya kaboni ili abaki na nakala ya kila anachotuma. Langoni kuwe na daftari la mapokezi lenye tarehe, jina la aliyepokea na idadi ya kurasa. Msahihishaji aandike maelezo marefu, kwa kuwa hakuna saa ya maswali baada ya kipindi; alama ya 62 bila neno lolote, kwa mtu aliyesubiri wiki saba, ni ukatili hata kama haukukusudiwa. Na askari wawili, kamwe asiwe mmoja, wajue zilipo kazi za wanafunzi na wote wawe na ufunguo.

8. Karatasi hazibebi virusi?

Katika miezi ya mwanzo hofu hii ilikuwa na msingi. Utafiti uliochapishwa Machi 2020 ulionyesha kwamba virusi vya UVIKO-19 viliweza kugundulika kwenye kadibodi kwa muda wa hadi saa 24, na kwenye plastiki na chuma cha pua hadi saa 72. Baadaye ilibainika kwamba kuambukizwa kwa kugusa vitu hutokea kwa nadra sana na kwamba njia kuu ni hewa. Bahasha ikikaa siku tatu kwenye sanduku kavu kabla ya kufunguliwa inatosha kabisa, na anayeifungua anawe mikono.

Nimesikia bahasha zikikaa siku kumi na nne kwenye stoo kwa sababu tu karantini ya watu ilikuwa siku kumi na nne. Kanuni ya watu haikutungwa kwa ajili ya karatasi, na kumcheleweshea mwanafunzi nusu mwezi kwa kuichanganya hakumlindi mtu yeyote.

9. Wanafunzi walio ndani wanaweza kukutana kujadili masomo?

Wanaweza, iwapo daktari wa gereza ameridhia na mambo mawili yamezingatiwa. La kwanza ni hewa: wakutane nje, chini ya mti au kwenye varanda, na si katika chumba kilichofungwa. Dodoma inatusaidia, kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote mtu anaweza kukaa nje ingawa vumbi la Agosti na Septemba litamwandama. La pili ni kundi: wanaolala bweni moja wajadili pamoja, wasichanganywe na wa bweni jingine. Watu ambao tayari wanavuta hewa moja usiku kucha hawaongezi hatari kubwa kwa kukaa uani saa moja wakijadili.

Barakoa, maji tiririka na sabuni ni vya kila siku, na havihitaji maelezo hapa.

10. Redio, simu au video haziwezi kusaidia?

Redio inasaidia kwa taarifa na lugha, lakini haijibu swali la mwanafunzi. Kuhusu video, wakati wa UVIKO-19 mahakama zetu zilisikiliza baadhi ya mashauri kwa mkutano wa video huku mahabusu wakiwa magerezani. Kwa hiyo pale ambapo vifaa vya mahakama tayari vipo, saa moja kwa wiki ambayo hakuna shauri inaweza kuombwa kwa ajili ya mhadhiri na wanafunzi wake, huku askari akiwa chumbani. Ombi la namna hiyo liandikwe na kituo cha chuo na litaje siku na saa kamili. Likitoka kwa mfungwa mwenyewe, huonekana kama anatafuta upenyo.

11. Ndugu yetu aliwekwa karantini na tarehe ya kuwasilisha kazi ikapita. Atadisko?

Hapaswi kuondolewa masomoni kwa sababu hiyo, lakini ukimya unaweza kumponza. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo au mtihani kwa sababu za ugonjwa; tatizo ni kwamba unadai maombi ya maandishi, na aliyefungiwa karantini hawezi kuyaandika. Familia ipeleke kituoni barua yenye namba ya usajili ya mwanafunzi, ikiambatana na uthibitisho mfupi wa ofisi ya gereza unaotaja tarehe ya kuingia na kutoka karantini. Uthibitisho huo hauhitaji kutaja ugonjwa wala majibu ya kipimo, kwa kuwa hayo ni siri ya mgonjwa.

Kwa wahadhiri nina ombi: hesabuni siku za mwanafunzi wa gerezani kuanzia tarehe aliyopokea kazi, kama inavyoonekana kwenye daftari la mapokezi (tazama swali la 7), msihesabu kuanzia tarehe mliyoituma.

12. Mitihani itafanyikaje?

Mitihani ya chuo huria hufanyika kwenye vituo vya mikoa. Mfungwa ama asindikizwe hadi kituoni chini ya ulinzi, ama chuo kimteue msimamizi anayeingia gerezani na bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Wakati wa janga njia zote mbili hukutana na kikwazo. Kusindikizwa ni hatari kwa bweni zima atakaporudi, na msimamizi wa nje huenda asiruhusiwe kuingia.

Suluhisho jepesi hutajwa mara kwa mara: askari wa elimu asimamie. Siliungi mkono, labda kama chuo kimemteua kwa barua na kuna shahidi wa pili, kwa kuwa tuhuma moja tu ya wizi wa mtihani, hata isiyo ya kweli, itamwandama mwanafunzi huyu kuliko mwingine yeyote. Ikiwa uaminifu wa mtihani hauwezi kulindwa, ni bora uahirishwe.

13. Mfungwa anayefanya kazi shambani anapata wapi muda?

Jioni, kabla ya taa kupunguzwa, na siku za mapumziko. Janga mara nyingine huongeza muda huo kwa kuwa kazi za nje hupungua, ingawa bweni lililojaa mchana kutwa lina kelele nyingi.

## Kwa familia

14. Nani hulipa ada?

Mara nyingi ndugu, mara chache mfadhili au taasisi ya dini. Mikopo ya elimu ya juu hutolewa kwa vigezo ambavyo Bodi ya Mikopo huvitangaza kila mwaka, kwa hiyo someni mwongozo wa mwaka husika na si wa mwaka jana. Lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na chuo tu, hata anayeomba fedha taslimu akiwa mtu mnayemheshimu, na kila stakabadhi iwe na nakala mbili.

15. Sisi ndugu tufanye nini lango likiwa limefungwa?

Kabla ya kupanda basi kutoka Mpwapwa au Kondoa, pigeni simu gerezani kuuliza kama vifurushi vinapokelewa. Nimemwona mama mmoja aliyefika na mfuko wa vitabu akakuta zuio limeanza siku hiyo, akakaa kwenye kivuli cha ukuta hadi alasiri akitumaini afande wa zamu ya pili atakuwa na jibu jingine.

Vitabu viwe vya jalada laini, visiwe na waya wala klipu, na viandikwe jina na namba ya mfungwa. Mwanafunzi atie sahihi hati ya uwakilishi mapema, ikimruhusu ndugu mmoja kufuatilia matokeo, ada na barua kwa niaba yake. Bila hati hiyo chuo kina haki ya kukataa kumpa mtu mwingine taarifa zake, na wakati wa janga kupata sahihi yake kunaweza kuchukua miezi.

16. Tangu wageni wazuiwe, ameacha kusoma na hajibu barua. Tufanye nini?

Msimlaumu. Wengi walioacha hawakuacha kwa uvivu. Mtu aliyefungiwa, asiyejua kama mama yake yu hai, anayesikia habari za vifo kupitia uvumi wa bweni, hawezi kukaa na nadharia za utawala wa umma na kuzielewa. Machi 2020, nchini Italia, kusitishwa kwa ziara za ndugu kulichangia vurugu katika magereza mengi, na wafungwa 13 wakapoteza maisha. Hofu isiyopewa taarifa hutafuta mlango wa kutokea.

Kwa hiyo barua ya kwanza isiulize habari za masomo. Iwe ya nyumbani: nani mzima, nani aliugua akapona, mvua imenyesha kiasi gani, mtama umeshika au la. Kama kuna msiba, mwambieni ukweli kwa utaratibu, na mwombeni ofisa ustawi au kiongozi wa dini wa gereza awe karibu naye siku barua itakapofika. Barua ya pili au ya tatu ndiyo itaje kitabu, tena kwa jambo dogo: mweleze sura moja tu uliyoipenda, au muulize maana ya neno moja. Nimeona mtu akirudi kwenye masomo kwa sababu mdogo wake wa darasa la saba alimwomba amfafanulie neno "mamlaka".

Akisema anataka kupumzika muhula mmoja, mkubalieni na mfuate utaratibu wa kuahirisha (swali la 11).

## Hali zisizo za kawaida

17. Akiachiwa kwa msamaha wa Rais katikati ya muhula, itakuwaje?

Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Siku ya Muungano ya tarehe 26 Aprili 2020 wafungwa 3,973 walisamehewa, na mwaka uliofuata siku kama hiyo walikuwa 5,001. Furaha ya siku hiyo ni kubwa, na katika pilikapilika za kutoka, karatasi za chuo husahaulika bwenini.

Usajili wake haufutiki kwa kutoka gerezani. Ndani ya wiki chache aende kituo cha mkoa anaokwenda kuishi, aombe kuhamisha kituo, na abadilishe anwani na namba ya simu. Ofisi ya elimu ya gereza impe, siku anapotoka, kazi zake zote pamoja na nakala ya ukurasa wake wa daftari la mapokezi (swali la 7). Kama ametoka wakati wa mlipuko na ameambiwa ajitenge nyumbani, siku hizo zitumike kukamilisha kazi zilizobaki.

18. Akihamishiwa gereza lingine?

Ni kama swali la 17, na tofauti yake ni kwamba kibali cha kusoma huombwa upya kwa mkuu wa gereza jipya. Barua ya kibali cha zamani isafiri naye.

19. Aliyehukumiwa kifo au maisha asome ili iweje?

Asome kwa sababu ni mtu. Na kwa wanaotaka mfano, Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002. Jina lake ndilo lililobeba shauri la wafungwa zaidi ya mia nne ambalo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mwaka 2009, ilitamka kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba. Akiwa gereza la Luzira alisoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake kuandaa rufaa zao, na Januari 2016 akatoka. Nelson Mandela naye alipata shahada yake ya sheria kupitia chuo cha masomo ya mbali cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa wa kifungo cha maisha.

20. Cheti kitaonyesha kwamba alisoma akiwa gerezani?

Hapana. Shahada ni ya chuo, na hutaja chuo, fani na daraja. Wala hakuna shahada ya janga iliyo nyepesi kuliko nyingine.

21. Janga lijalo likiwa si la hewa, mipango hii itafaa?

Kwa sehemu. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo mijadala ya uani inaweza kuendelea, lakini vyoo na ndoo za kunawia ndivyo vitakavyoamua kama gereza litafungwa. Marburg, iliyotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Hapo karatasi iliyoshikwa na mgonjwa isitoke kabisa, na ile nakala ya kaboni (swali la 7) haitasaidia iwapo nayo ilikuwa kitandani kwake. Katika hali hiyo mwanafunzi asomewe maswali na kujibu kwa mdomo akipona, au ahirisho liandikwe mara moja.

Mipango ya aina yoyote iandikwe wakati wa afya, lango likiwa wazi na watu wakiwa na utulivu. Kurasa mbili zinatosha: nani anapokea, nani anasahihisha, bahasha inakaa wapi na kwa muda gani, nani anawajulisha ndugu, nani anaandika barua ya kuahirisha. Nakala moja ibaki kituo cha chuo, moja ofisi ya mkuu wa gereza, moja kwa familia. Na kwenye mstari wa kwanza yaandikwe majina mawili ya wenye ufunguo wa droo.